Mvinyo wa zawadi: ulizeni kwanza anayepokea anakunywa chai ya namna gani

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua, tena kubwa kidogo kuliko ilivyo desturi, kwa jambo ambalo sisi tunaouza vinywaji katika miji ya Nyanda za Juu Kusini tunaliona likijirudia kila yanapokaribia majira ya send-off, harusi, vipaimara na Krismasi. Mteja anaingia dukani akitafuta mvinyo mwekundu wa kumpelekea baba mkwe, bosi anayestaafu au msimamizi wake wa ndoa. Anainua chupa mbili tatu kupima uzito, anauliza ipi ina boksi, analipa, anaondoka. Mwezi unapita, chupa ile iko juu ya kabati sebuleni kwa aliyepewa, imepungua nusu glasi tu. Mvinyo ulikuwa mzuri kabisa, ila haukuwa wa mtu yule.

Kabla ya nchi, bei na mwaka, liko swali ambalo likijibiwa nusu ya kazi imekwisha: huyo mtu anakunywa chai ya namna gani? Huku kwetu hakuna asiyeijua chai, maana Rungwe na Mufindi ndiko inakolimwa. Chukua chai ya majani mengi iliyoachwa jikoni ikachemka muda mrefu, haina maziwa wala sukari. Ule ukakasi unaokamata ulimi na ufizi ndio huohuo uliomo kwenye mvinyo mwekundu, na chanzo chake ni jamii moja ya kemikali, tanini. Kwenye zabibu, tanini hukaa katika maganda, mbegu na vikonyo. Juisi ya zabibu nyeusi nyingi haina rangi. Mvinyo unakuwa mwekundu kwa sababu juisi inaachwa ichachuke pamoja na maganda kwa siku kadhaa, wakati mwingine wiki mbili tatu, na humo ndimo inamochota rangi na ukakasi kwa pamoja. Zabibu za mvinyo mweupe hukamuliwa kwanza, maganda yakatengwa, ndiyo maana mvinyo huo haushiki ulimi.

Basi anayekunywa chai ya rangi nzito bila sukari, anayefurahia mnafu na nyanya chungu, mpelekee mvinyo usio na sukari, ule ambao madukani tunauita drai, bila wasiwasi. Anayeweka vijiko vitatu na bado anaomba maziwa yaongezwe, ukimpelekea drai atakunja uso hata kama umeununua kwa bei ya mbuzi. Huyo mpe mtamu au nusu-tamu. Tunawaomba sana watu waache kuwacheka wanaopenda mvinyo mtamu, kana kwamba hawajastaarabika. Zawadi ni ya mpokeaji, na kinywa ni chake.

Tofauti ya sukari si ndogo. Kwa kanuni za Umoja wa Ulaya, mvinyo unaoandikwa drai kwa kawaida hauzidi gramu 4 za sukari kwa lita, na huruhusiwa kufika 9 pale uchachu wake unapokuwa mkubwa. Ule wa daraja la mtamu unaanzia gramu 45 kwa lita. Kijiko cha chai cha sukari ni takribani gramu 4. Kwa hiyo chupa nzima ya mililita 750 ya drai ya kawaida haina hata kijiko kimoja, na ile ya mtamu ina vijiko vinane au zaidi. Kwenye lebo tafuta maneno "dry", "semi-sweet", "sweet" au, kwa chupa nyingi za Afrika Kusini, "natural sweet". Yakikosekana yote na nguvu ya pombe ikawa asilimia 13 kwenda juu, mara nyingi ni drai. Ikiwa 8 au 9, kuna sukari iliyobaki bila kugeuzwa pombe. Maneno yanayowapoteza wengi ni yale ya nyuma ya chupa yanayotaja matunda, chokoleti au vanila. Hayo yanaeleza harufu inayotokana na zabibu zenyewe na pipa la mwaloni. Humo ndani hamna chokoleti, na harufu ya tunda haimaanishi utamu.

Ukishajua kwamba anakunywa drai, angalia aina ya zabibu, ambayo chupa za Afrika Kusini, Chile, Argentina na Australia huiandika mbele kwa herufi kubwa. Kwa Afrika Kusini, jina la zabibu likiwa peke yake kwenye lebo, sheria inataka angalau asilimia 85 ya mvinyo itokane na zabibu hiyo. Merlot ni laini, ukakasi wake ni wa kadiri. Malbec, ambayo Argentina imeifanya kuwa yake hasa huko Mendoza chini ya milima ya Andes, ina rangi nzito lakini haikwaruzi. Shiraz, ambayo ndiyo hiyohiyo Syrah, huwa na harufu ya pilipili manga na hupendwa na walaji wa nyama ya kuchoma. Pinotage ni mtoto wa Afrika Kusini: mwaka 1925 Abraham Izak Perold aliichavusha Pinot Noir kwa Cinsaut huko Stellenbosch, akapata zabibu mpya. Nyingine huwa na harufu ya moshi ambayo mtu ama anaipenda ama anaikataa moja kwa moja, kwa hiyo si zawadi ya kubahatisha. Cabernet Sauvignon ina punje ndogo zenye ganda nene, ndiyo maana ukakasi wake ni mkubwa, na huyu ndiye anayeshinda kwa mauzo ya zawadi kwa sababu jina lake limezoeleka. Ni mvinyo mzuri, ila ukinywewa bila chakula na mtu asiyeuzoea, huwa kama chai iliyosahaulika jikoni. Ukiwa hujui lolote kuhusu mpokeaji zaidi ya kwamba anakunywa drai, ushauri wetu ni Merlot.

Mvinyo wa zabibu zilizochanganywa usiudharau. Bordeaux nyekundu ya Ufaransa, yenye sifa dunia nzima, karibu yote ni mchanganyiko wa Cabernet Sauvignon, Merlot na Cabernet Franc. Tatizo la chupa za Ufaransa ni kwamba nyingi huandika mahali na kuacha zabibu, zikidhani msomaji anajua. Ukiona Bordeaux nyekundu, tegemea mchanganyiko huo. Ukiona Bourgogne nyekundu, ni Pinot Noir, nyepesi kwa rangi na ukakasi. Ukiona Beaujolais, ni Gamay, nyepesi zaidi, nayo inanywewa ikiwa ya baridi kidogo.

Halafu kuna maneno ya kujipamba. "Reserva" kwenye chupa ya Rioja ya Hispania ni neno la kisheria: mvinyo umekaa angalau miaka mitatu kabla ya kuuzwa, mmoja kati ya hiyo ukiwa ndani ya pipa la mwaloni; "Gran Reserva" ni miaka mitano, miwili ikiwa ya pipa. Neno "Reserve" kwenye chupa ya Afrika Kusini au Marekani halina kifungo cha namna hiyo, kila mzalishaji analitumia anavyoona. "Grand Vin", "Premium", "Special Selection", na picha ya kasri, hayo yote mwenye kiwanda anaweza kuyachapisha bila kuulizwa na mtu. Stika ya medali isome: iwe na jina la shindano na mwaka, na mwaka huo uoane na mvinyo ulio mkononi mwako. Lile shimo chini ya chupa halina uhusiano na ubora, wala uzito wa kioo. Chupa tupu inaweza kuzidi nyingine kwa nusu kilo, na hiyo nusu kilo umelipia kioo na nauli yake.

Wapo wanaoamini zawadi ya heshima lazima itoke ng'ambo. Hatukubaliani nao. Dodoma inalima zabibu za mvinyo na kuvuna mara mbili kwa mwaka, kwa sababu hakuna majira ya baridi ya kuulaza mzabibu. Mkulima anaupogoa, unachipua, unazaa tena. Kituo cha utafiti cha Makutupora ndicho kitovu cha zao hilo, na zabibu nyekundu inayoitwa kwa jina la Makutupora ndiyo inayotengeneza sehemu kubwa ya mvinyo mwekundu wa huko. Kwa mtu wa Iringa, barabara ya lami kupitia Mtera inamletea chupa hiyo ndani ya siku moja, wakati ya Afrika Kusini imepita bandari, bohari na malori kadhaa. Kuna nafuu ya kodi pia. Ushuru wa bidhaa kwenye mvinyo hutozwa kwa lita, hautozwi kwa thamani, na mvinyo ambao zaidi ya asilimia 75 ya zabibu zake ni za nchini hutozwa kiwango cha chini. Maana yake, katika chupa ya bei ya chini kabisa iliyotoka nje, ukiondoa kioo, kizibo, nauli, ushuru na faida ya wauzaji wawili watatu, kilichobaki cha kulipia mvinyo wenyewe ni kidogo mno. Kwa pesa hiyohiyo chupa ya Dodoma inakupa mvinyo zaidi. Ukitaka cha nje, panda ngazi moja au mbili juu ya ile ya chini kabisa. Hapo sehemu kubwa zaidi ya pesa uliyoongeza inakwenda kwenye zabibu, kwa sababu ushuru huo wa lita na kioo havijabadilika. Ukivuka sana hapo unalipia jina, ambalo mpokeaji asipolijua ni pesa iliyopotea.

Chupa za Dodoma zina jambo moja la kuangalia. Nyingi hazina mwaka wa mavuno mbele, hivyo tafuta tarehe ya kutengenezwa au namba ya toleo, na kwa zawadi usichukue iliyopita miaka miwili rafuni. Angalia pia kama ni zabibu kweli. Mvinyo wa ndizi na wa choya una wapenzi wake, lakini mwenzio akitarajia zabibu utakuwa umemkosea. Na ile iliyoongezewa pombe kali, yenye asilimia 16 na kuendelea, ni kinywaji cha glasi ndogo, hainywewi kama mvinyo wa mezani.

Kuhusu umri, hapa kuna imani ambayo imewapotezea watu pesa nyingi: kwamba kila mvinyo ukikaa unazidi kuwa mzuri. Wenye kuujua ulanzi, pombe ya utomvu wa mianzi, wataelewa haraka. Ulanzi wa asubuhi, mtogwa, ni mtamu; ukikaa unakuwa mkangafu; ukizidi hapo umekwisha. Mvinyo mwekundu unapita njia hiyohiyo kwa miaka badala ya saa. Mwingi wa ule unaouzwa madukani kwetu umetengenezwa unywewe ndani ya miaka mitatu hadi mitano tangu mavuno. Ni sehemu ndogo tu, yenye tanini nyingi na uchachu wa kutosha, inayofaidika na kukaa miaka kumi, tena ikihifadhiwa vizuri. Chupa ya bei ya kawaida yenye miaka tisa ambayo muuzaji anaisifia kwa uzee, iache hapo. Na ukilinganisha miaka, kumbuka kwamba Afrika Kusini, Chile na Argentina huvuna kati ya Februari na Aprili, wakati Ulaya huvuna kuanzia Agosti hadi Oktoba. Chupa mbili za mwaka mmoja zimeachana karibu nusu mwaka.

Sasa jambo linaloharibu chupa nyingi kuliko yote niliyotaja: joto. Mvinyo hautaki kupita nyuzi 20 kwa muda mrefu, na unapenda kukaa kati ya 12 na 15 bila kupanda na kushuka. Siku chache juu ya nyuzi 30 zinatosha kuupika. Ladha ya tunda inatoweka, inabaki kitu kama jemu iliyoungua au zabibu kavu, na rangi inaelekea kahawia. Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, na kabla ya kuupanda mlima wa Kitonga gari linakuwa limepita Morogoro, Mikumi na Ruaha Mbuyuni, ambako jua la mchana ni kali. Chupa iliyowekwa kwenye buti la basi karibu na injini, au juu ya lori chini ya turubai jeusi, inafika Iringa imeshaharibika, ingawa Iringa kwenyewe kuna baridi. Ukimwagiza mtu akuletee chupa kutoka Dar, mwambie apande nayo ndani, aiweke chini ya kiti, upande usiopigwa na jua. Basi la usiku ni bora kuliko la mchana.

Chupa iliyopikwa inajulikana bila kufunguliwa. Mvinyo ukipata joto unatanuka, unakisukuma kizibo. Pitisha kidole juu ya ile kofia ya bati shingoni: kizibo kikiwa kimevimba juu ya mdomo wa chupa, iache. Izungushe kofia taratibu. Ikiwa imegandana na chupa, au kuna alama ya unyevu uliokaukia chini yake, mvinyo ulivuja. Inua chupa kwenye mwanga utazame ulipofika: ikiwa imesimama, mvinyo uwe ndani ya shingo. Ukiwa umeshuka mpaka mabegani, hewa imeingia, na hewa inaugeuza mvinyo kuelekea siki. Chupa ya kioo kisicho na rangi iliyokaa dirishani ikipigwa na jua, usiiguse hata ikipunguzwa bei.

Na hapa naomba wenzangu wenye maduka na supamaketi wanisikilize bila kuchukia. Tumebarikiwa hali ya hewa ambayo wauza mvinyo wa Pwani wanailipia kwa viyoyozi. Mbeya mjini ni takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Njombe inakaribia 2,000. Chumba cha nyuma chenye kuta nene, bila dirisha la jua, kinatosha kabisa kuwa ghala la mvinyo kwa sehemu kubwa ya mwaka. Lakini chupa tunazipanga dirishani zing'ae, tena zimesimama, chini ya taa zinazotoa joto. Chupa yenye kizibo cha gome la mti ilazwe, ili mvinyo ukilowanishe kizibo kisikauke na kusinyaa. Dirishani weka chupa moja ya maonyesho, tena tupu. Nyingine zikae nyuma. Mteja naye asione haya kusema, "Naomba iliyolala nyuma." Kama hakuna iliyolala nyuma, hilo nalo ni jibu.

Kuhusu bidhaa bandia, tangu mwaka 2019 mvinyo umo katika mfumo wa stempu za kodi za kielektroniki za TRA. Angalia stempu iwepo, isiwe imechanika na kubandikwa upya, na kama una simu janja ihakiki kwa programu ya Hakiki Stempu. Halafu linganisha lebo ya mbele na ya nyuma: mwaka, nguvu ya pombe na jina vifanane, herufi zisiwe na ukungu, gundi isiwe imechuruzika pembeni. Baada ya sherehe, chupa tupu nzuri na maboksi yake msiviuze vikiwa kamili. Kwaruzeni lebo kwanza, maana chupa ya kujazia upya hutafutwa na watu wasio na nia njema.

Kizibo. Wengi wanaona kifuniko cha kuzungusha ni alama ya mvinyo wa bei rahisi. New Zealand, ambayo wazalishaji wake walianza kampeni ya vifuniko hivyo mwaka 2001, hufunga karibu mvinyo wake wote namna hiyo, pamoja na ule wa bei kubwa. Sababu yao ni TCA, kemikali inayoweza kujitokeza kwenye kizibo cha gome na kuupa mvinyo harufu ya boksi lililolowa au gunia la viazi lililonyeshewa. Haidhuru afya, lakini inaua ladha, na hakuna mtu anayeweza kuiona kwa nje. Ukifungua ukakutana na harufu hiyo, rudisha chupa ikiwa bado imejaa. Muuzaji mwenye heshima ataibadilisha. Vipande vidogo vinavyong'aa chini ya chupa au kwenye kizibo ni kitu kingine: hiyo ni asidi ya zabibu iliyoganda, haina tatizo. Simamisha chupa siku moja, kisha mimina taratibu.

Kama nyumba unayopeleka haina kizibuo, na nyumba nyingi hazina, basi ama nunua ya kuzungusha ama ambatanisha kizibuo kwenye zawadi. Tumeshaona mwisho wake bila kizibuo: mpini wa kijiko unatumika kukisukuma kizibo ndani, mvinyo unaruka kwenye shati jeupe, au shingo ya chupa inapasuka. Ukiwa na kizibuo, kata kofia ya bati chini ya ukingo wa mdomo, choma ncha katikati ya kizibo ikiwa wima, zungusha mpaka ubaki mzunguko mmoja nje, kisha vuta polepole bila kuyumbisha. Ukizamisha mpaka mwisho unatoboa chini ya kizibo na vipande vinaangukia ndani. Ukiishia njiani kizibo kinakatika katikati.

Kuhusu kuunywa, mpokeaji anastahili kuambiwa mambo mawili. La kwanza ni joto. Vitabu husema mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumba, lakini chumba kinachosemwa ni cha Ulaya ya zamani, nyuzi 16 hadi 18. Kyela mchana, chini karibu na Ziwa Nyasa, chumba kinazidi hapo kwa mbali, kwa hiyo chupa iingie kwenye friji nusu saa kabla. Makete au Njombe mwezi Juni ni kinyume chake: mvinyo kutoka stoo unaweza kuwa chini ya nyuzi 12, na baridi inauzidisha ukakasi na kuificha harufu. Usiuweke kando ya jiko la mkaa. Utoe saa mbili kabla uuache sebuleni, au mimina kidogo na ushike glasi kwa viganja.

La pili ni chakula. Tanini inapenda protini na mafuta. Inanata kwenye nyama badala ya kunata kwenye ulimi wako, ndiyo maana Cabernet iliyokuwa kali peke yake inalainika mbele ya mbuzi choma au kitimoto. Kwa samaki wa Nyasa, mvinyo mwekundu mzito unaacha ladha ya chuma mdomoni. Hapo afadhali mwepesi, au mweupe. Pilipili nyingi na mvinyo wa asilimia 14 au 15 vinazidishiana moto. Keki ya send-off inaifanya drai ionekane chachu kama ndimu, kwa hiyo ukijua chupa itafunguliwa wakati wa kukata keki, peleka mtamu.

Hesabu ya glasi: chupa ya mililita 750 inatoa glasi tano za mililita 150. Meza ya watu kumi ni chupa mbili, na kila mtu amepata moja. Mvinyo wa asilimia 13.5 una pombe kiasi kwamba chupa nzima inalingana na bia nne za mililita 500 zenye asilimia 5, jambo ambalo mzoefu wa bia anaweza asilijue mpaka amesimama. Ikibaki, funga vizuri, weka kwenye friji, inywewe ndani ya siku tatu hadi tano.

Kabla ya yote hayo, ulizia kwa mtu wa karibu kama nyumba hiyo inakunywa pombe. Wapo Waislamu, Wasabato, Walokole, mama mjamzito, anayetumia dawa, na aliyejitahidi kuacha, ambaye chupa yako inaweza kumrudisha nyuma. Hao wanunulie kitu kingine chenye heshima ileile. Ukimpelekea padre, jua kwamba mvinyo wa misa una masharti yake: Sheria ya Kanisa, kanuni ya 924, inataka uwe wa asili, wa tunda la mzabibu, na usioharibika. Parokia ina mahali inapoupata. Wewe mpelekee wa mezani kwake, na umwambie hivyo.

Mwisho, kadi. Badala ya "Hongera sana" peke yake, andika chini yake mistari miwili ambayo muuzaji wako anaweza kukusaidia: "Huu ni drai, ufungue siku ya nyama. Usiuweke kabatini, unywe kabla ya Pasaka."

Muuza vinywaji,
Mwanjelwa, Mbeya.